Kirusi na Wenzake



Nianzie Kampala, mwaka 1957. Katika Hospitali ya Mulago alikuwapo daktari mpasuaji kutoka Ireland aitwaye Denis Burkitt. Siku moja mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba mataya yote mawili, kulia na kushoto. Taya kuvimba upande mmoja ni jambo la kila siku kwa mpasuaji: jino bovu, usaha, jipu. Lakini huyu alikuwa amevimba pembe zote nne za uso kwa wakati mmoja, na meno yamelegea. Haukupita muda mrefu, Burkitt akiwa katika hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye sura ileile, amekaa uwanjani na mama yake. Alitoka mbio kwenda kumpima. Alipompapasa tumbo, alikuta uvimbe mwingine ndani.

Mwaka 1961 Burkitt na madaktari wenzake wawili walijipakia kwenye gari kuukuu wakaondoka Kampala kuelekea kusini, hospitali moja baada ya nyingine, hadi Afrika Kusini. Walibeba picha za watoto waliovimba mataya, na kila walipofika waliuliza kama kuna aliyewahi kuuona ugonjwa ule. Walipokuja kuchora ramani, ugonjwa ulionekana kujikusanya kwenye mabonde yenye joto na mvua, ukatoweka kwenye nyanda za juu zenye baridi. Yeyote aliyewahi kufanya kazi ya tiba Afrika Mashariki angeitambua ramani ile. Ilikuwa ramani ya malaria.

Mwaka huohuo Burkitt alitoa mhadhara London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti aliyekuwa akisaka virusi vya saratani kwenye kuku. Wakakubaliana. Vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, waliona kwa darubini ya elektroni virusi vilivyokuwa havijulikani, vimekaa ndani ya seli za uvimbe ule. Leo vinaitwa virusi vya Epstein-Barr, kwa kifupi EBV, na ndivyo vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Ushahidi ulitoka kwenye mataya ya watoto wa Uganda, na napenda wanafunzi wetu walijue hilo kabla hawajajua jambo jingine lolote kuhusu somo hili.

Ungedhani kesi imekwisha hapo. Kumbe ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu EBV inakaa ndani ya zaidi ya 90% ya watu wazima wa dunia hii. Karani wa Oslo anayo, mvuvi wa Kigoma anayo, nami ninayo. Watoto wetu wengi huipata kwa mate kabla hawajafikisha miaka mitatu. Kama kirusi kile peke yake kingetosha kuleta saratani, uvimbe wa Burkitt ungejaa katika kila mji duniani. Haukujaa. Ulibaki pale kwenye mbu.

Ilichukua miongo kadhaa kuelewa kwa nini, na maelezo yake nitayapitia polepole kwa sababu ndiyo msingi wa yote nitakayosema. EBV hujificha ndani ya seli B, yaani chembe za damu zinazotengeneza kingamwili, na huzizuia zisife pale zinapopaswa kufa. Mtoto anayeugua malaria mara kwa mara, kila msimu wa mvua, seli zake hizohizo za B huchochewa zigawanyike kwa kasi. Isitoshe, malaria huamsha kimeng'enya ambacho kazi yake ni kukata na kuunga vipande vya jeni ili kingamwili zipate maumbo mapya. Kukata na kuunga huko kukikosewa, jeni iitwayo MYC, inayosimamia ukuaji, huhamishiwa mahali ambapo haizimiki tena. Seli ya kawaida ikifikia hali hiyo hujiua yenyewe. Seli iliyokaliwa na EBV haijiui. Na zile seli T ambazo zingeitambua na kuiangamiza, malaria imeshazichosha.

Kwa hiyo ukiniuliza nini kilimpa mtoto yule saratani, kirusi au malaria, nitakujibu kwamba swali limekosewa. Kimoja bila kingine kisingemfikisha pale. Hiyo ndiyo hoja yangu jioni hii: kirusi cha saratani kinahitaji wenzake, na wengi wa wenzake hao ni vijidudu vinavyoishi mwilini mwetu, wakiwamo bakteria tuliowapata tangu kuzaliwa na tutakaozikwa nao. Tukimtafuta mhalifu mmoja tu, tutakuwa tunatibu nusu ya ugonjwa.

Kabla sijaendelea, niondoe hofu. Saratani yenyewe haiambukizi. Mle pamoja na mgonjwa, mkumbatieni, mlale naye chumba kimoja. Kinachoambukiza ni baadhi ya vijidudu vinavyoweza, kwa wachache wetu na baada ya miaka mingi, kuandaa njia ya saratani. Mwaka 2018 wagonjwa wapya milioni 2.2 duniani, yaani takriban 13% ya wagonjwa wote wapya wa saratani, walitokana na maambukizi. Bakteria wa tumboni aitwaye helikobakta pailori alihusika na wagonjwa 810,000, navyo virusi vya papiloma, HPV, vilihusika na 690,000. Homa ya ini aina ya B ilihusika na 360,000. Katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara, mchango wa maambukizi ni mkubwa kuliko wastani huo wa dunia.

Sasa twende maabara kidogo. Kuna panya ambao hulelewa tangu kuzaliwa ndani ya vyumba vilivyofungwa kabisa: hewa huchujwa, chakula huchemshwa, hakuna bakteria hata mmoja anayeingia. Ni viumbe wa ajabu, wana matumbo yasiyo na mkazi yeyote. Katika Chuo Kikuu cha Chicago, mtafiti Tatyana Golovkina na wenzake wamewatumia panya hao kuuliza swali lilelile la Burkitt kwa njia nyingine: kirusi cha saratani kikiingia kwenye mwili usio na bakteria, kitafanya nini?

Walianza na kirusi kinacholeta saratani ya matiti kwa panya. Kirusi hiki kina historia yake. Mwaka 1936 John Bittner alionyesha kwamba panya mama humrithisha mtoto wake saratani ya matiti kupitia maziwa, na kilichokuwa ndani ya maziwa yale ndicho kirusi chenyewe. Mwaka 2011 kundi la Golovkina lilionyesha kirusi hicho kinavyomkwepa mlinzi. Kinapopita utumboni, hujipaka mabaki ya ukuta wa bakteria waishio humo. Kinga ya mwili, ambayo imezoea kuwavumilia bakteria wa tumboni, inaisikia harufu ya kawaida na kutoa amri ya kutulia. Katika panya wasio na bakteria hila hiyo haikufanikiwa, na baada ya vizazi kadhaa kirusi kilipotea kabisa katika ukoo ule.

Mwaka 2022 wakachapisha matokeo kuhusu kirusi kingine, kinacholeta saratani ya damu kwa panya. Safari hii kirusi kiliingia na kuzaliana vizuri katika makundi yote mawili, lakini waliougua saratani ya damu walikuwa hasa wale wenye bakteria. Wasio na bakteria waliugua kwa uchache sana, hadi watafiti walipochukua panya wasio na bakteria waliokuwa pia hawana seli za kinga zinazojifunza adui. Hao waliugua kama wengine. Maana yake ni kwamba bakteria hawakukisaidia kirusi moja kwa moja. Uwepo wao uliufanya mwili upunguze makali ya kinga, nacho kirusi kikapata nafasi katika utulivu huo.

Panya si binadamu, na simwambii mtu akafue tumbo lake kwa antibiotiki. Bakteria hao hao hutusaidia kumeng'enya chakula, hututengenezea vitamini, na huifundisha kinga ya mtoto mchanga kazi yake. Lakini majaribio yale yamethibitisha jambo ambalo ramani ya Burkitt iliweza kulidokeza tu: mazingira yanayokipokea kirusi yana uzito sawa na kirusi chenyewe.

Tumboni mwa binadamu kuna mfano ulio wazi zaidi, nami nitaupitia haraka. Helikobakta pailori, ambaye Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua na kuonyesha nafasi yake katika vidonda vya tumbo, ana protini iitwayo CagA. Humdungia mwenyeji wake protini hiyo ndani ya seli za tumbo, ikawa inachochea ukuaji. Seli ina kimeng'enya chake cha kuizima. EBV ikiwa imo ndani ya seli hiyohiyo, inakifunga kimeng'enya kile, na CagA inabaki ikifanya kazi bila kizuizi. Bakteria anawasha, kirusi kinazuia kuzimwa. Watafiti wa Japani waliieleza njia hiyo mwaka 2016.

Sasa nije kwenye saratani inayowaua mama zetu na dada zetu, ambayo ndiyo iliyonileta hapa. Mwaka 2022 wanawake wapatao 660,000 duniani waligundulika kuwa na saratani ya mlango wa kizazi, na wapatao 350,000 walifariki kwa ajili yake. Afrika Mashariki ni mojawapo ya maeneo yanayoumia zaidi. Chanzo chake, HPV, kilitambuliwa na Mjerumani Harald zur Hausen, ambaye mwaka 1983 alitangaza aina ya 16 na mwaka uliofuata aina ya 18. Aina hizo mbili peke yake husababisha takriban 70% ya saratani hii.

HPV ni kirusi cha kawaida mno. Wengi wa watu waliowahi kujamiiana wamekutana nacho. Humwingia mwanamke kupitia michubuko midogo isiyoonekana kwa macho, hukaa kwenye seli za chini kabisa za ngozi laini ya mlango wa kizazi, na hutumia protini zake mbili kuvunja breki za seli: moja inaiharibu p53, mlinzi anayeiamuru seli mbovu ijiue, nyingine inamfunga mlinzi mwingine anayezuia seli isigawanyike hovyo. Kwa maneno hayo mtu anaweza kukata tamaa. Lakini kati ya wanawake kumi walioambukizwa, tisa hivi huwa wamekiondoa ndani ya miaka miwili bila dawa na bila hata kujua walikuwa nacho. Saratani humpata yule ambaye kirusi kimemng'ang'ania kwa miaka 15 au 20.

Basi swali la maana kwa daktari linakuwa: yule wa kumi ana nini?

Mwambie mtaalamu wa maabara akuonyeshe kioo kilichopakwa ute wa mwanamke mwenye afya, kikatiwa rangi ya Gram. Utaona seli kubwa tambarare, za waridi, zimelala moja moja, na katikati yake vijiti virefu vya zambarau vimetawanyika. Vijiti vile ni laktobasili. Ni ukoo wa bakteria wanaoyachachusha maziwa yakawa mtindi, na ukeni wanafanya kazi ya namna hiyohiyo: wanakula sukari itokayo kwenye seli za mwanamke mwenyewe na kutoa asidi ya laktiki. Uchachu huo, ambao kwenye kipimo cha pH unakuwa kati ya 3.5 na 4.5, ndio unaowafukuza wavamizi. 

Kisha akuonyeshe kioo cha pili. Vijiti virefu vimetoweka. Mahali pake kuna vumbi la vijidudu vidogo vidogo, na seli kubwa zile zimefunikwa navyo hadi kingo zake hazionekani tena. Wenye kujua wataitambua gadnerela. Pamoja naye wamo prevotela, snithia na wengineo. Ukidondoshea ute huo dawa ya potasi, inatoka harufu ya samaki. Mwanamke mwenyewe huja akilalamika kutokwa na uchafu, na mara nyingi ameshapita duka la dawa, akaambiwa ni fangasi, akauziwa dawa ya fangasi isiyomsaidia. Wengine hawana dalili yoyote.

Mvurugiko huu wa bakteria unafanya nini kwa HPV? Kwanza, uchachu unapungua. Pili, baadhi ya bakteria hawa wana vimeng'enya vinavyotafuna ute, ule utando unaoizuia HPV isifike kwenye ngozi. Tatu, na hili ndilo zito zaidi, wanaleta mwako wa kudumu: seli za kinga zinaitwa kila siku, zinatoa kemikali zao, zinaharibu na kujenga upya ngozi ileile ambayo kirusi kimejificha chini yake. Tafiti zilizowafuatilia wanawake kwa muda mrefu zinaonyesha kwamba wenye laktobasili wa kutosha, hasa wa aina ya krispatasi, humaliza HPV mapema zaidi, na wenye mvurugiko hukaa nayo.

Taasisi ya Saratani Ocean Road, pale Dar es Salaam, imeshiriki katika kazi hii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwahusisha wanawake 144 wa Tanzania, wenye VVU na wasio na VVU, wenye mabadiliko kwenye mlango wa kizazi na wasio nayo. Wenye VVU walikuwa na mchanganyiko mkubwa zaidi wa bakteria. Wale waliokuwa na mabadiliko makali, hatua ya karibu na saratani, bakteria wao walitofautiana na wa wenzao, na jamaa wa maikoplazma walionekana kwa wingi. Nautaja utafiti huu kwa sababu sehemu kubwa ya elimu ya bakteria wa ukeni imetokana na wanawake wa Marekani na Ulaya, na wanawake wetu hawafanani nao kila jambo. Wapo wanawake wengi wa Kiafrika wenye afya njema ambao laktobasili si wengi kwao. Tusije tukaanza kuwaita wagonjwa watu wasio wagonjwa.

Mtaniuliza: pengine ni HPV inayowafukuza laktobasili, na siyo laktobasili kuondoka kunakoikaribisha HPV? Mnauliza sawasawa. Mwaka 2022 watafiti walionyesha kwamba HPV huipunguzia ngozi uwezo wa kutengeneza vipande fulani vya protini ya kinga, na vipande hivyo ni chakula cha laktobasili. Kirusi kinawanyima chakula walinzi wa eneo lake. Kwa hiyo njia inakwenda pande zote mbili: mvurugiko unakisaidia kirusi kukaa, na kirusi kikikaa kinazidisha mvurugiko.

Ongezeni VVU juu ya hayo. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya kupata saratani hii mara sita zaidi ya asiye na VVU, na bila matibabu safari ya miaka 15 au 20 inaweza kufupishwa ikawa mitano hadi kumi. Hapo nina lalamiko na mfumo wetu wa huduma. Mama anachukua dawa zake za VVU dirisha hili, anapangiwa uzazi dirisha lile, akiwa na uchafu ukeni anaelekezwa kwingine, na kipimo cha saratani anaambiwa kipo siku nyingine, pengine kituo kingine, kwa nauli nyingine. Vijidudu vyenyewe vimo ndani ya mwili mmoja na vinasaidiana. Sisi tumevigawia vyumba. Vituo ambavyo mama hupimwa mlango wa kizazi siku ileile anapokuja kuchukua dawa zake za VVU vinastahili kuigwa na kila wilaya, na fedha za kufanya hivyo zitengwe.

Naomba sasa ruhusa ya kusema jambo la ndani, na niwaombe radhi wazee. Wanawake wengi wa kwetu hujiosha ndani ya uke. Wengine kwa maji matupu, wengine kwa sabuni, ndimu, au dawa za kuulia vijidudu za kusafishia vidonda na sakafu. Siku hizi kuna biashara nzima mitandaoni ya vidonge na mafuta ya kubana na kunukia. Wengi hufanya hivyo kwa kupenda usafi na kumheshimu mwenza, na usafi ni katika utu wetu. Lakini sabuni inaua laktobasili, na maji ya ndimu si asidi ya laktiki, yanachubua. Tafiti za miaka mingi za Mombasa ziliwakuta wanawake wanaojiosha ndani, hasa kwa sabuni, wakiwa na hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa VVU kuliko wasiojiosha. Uke unajisafisha wenyewe. Nje, maji safi yanatosha. Ndani, pasiguswe. Na kwa kuwa nimetaja mtindi: usipakwe wala kuingizwa, laktobasili wa mtindi si wale wa mwilini.

Nawageukia masomo na makungwi, mlio hapa na msio hapa. Binti wa Pwani bado anawasikiliza ninyi kuliko anavyomsikiliza daktari, na ninyi mna chumba na saa ambayo mimi sitaipata kamwe. Mkiliingiza neno hili katika mafunzo yenu, pamoja na udi na heshima ya mume, mtakuwa mmefanya kazi ambayo mabango ya wizara hayajaweza kuifanya.

Lakini nisieleweke vibaya. Bakteria wazuri hawachukui nafasi ya chanjo. Anayewaambia kina mama kwamba wakilinda laktobasili hawahitaji chanjo wala kipimo anawapoteza. Bila HPV, saratani hii takriban haipo, na chanjo inazuia HPV. Rwanda ilianza chanjo kitaifa mwaka 2011, Tanzania 2018, Kenya 2019. Tena ushahidi kwamba dozi moja inatosha ulitoka kwetu kwa sehemu kubwa. Mwanza, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walichanjwa kwa dozi moja, mbili au tatu, na kingamwili zao zikapimwa na kufuatiliwa. Kenya, wanawake vijana 2,275 wa Kisumu, Thika na Nairobi walishiriki jaribio lililoonyesha kwamba dozi moja iliwakinga kwa 97.5% dhidi ya maambukizi ya kudumu ya aina 16 na 18, katika miezi 18 ya kwanza. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja, na tangu 2024 Tanzania inawachanja hivyo wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mzazi mwenye binti wa umri huo asisubiri tangazo lingine.

Kwa ambao umri wa chanjo umewapita, kipo kipimo. Pale penye kipimo cha HPV chenyewe, kitumieni, kwa kuwa ni bora. Pasipokuwapo, kuna siki. Wengi wanakiogopa kipimo hiki kwa kutokukijua, basi nikieleze. Mama analala kitandani, muuguzi anaweka kifaa cha kupanulia njia na kuelekeza taa. Anachovya pamba kwenye siki iliyozimuliwa, anaupaka mlango wa kizazi, kisha anasubiri. Dakika moja. Ngozi yenye afya inabaki ya waridi. Penye seli zilizoanza kubadilika panakuwa peupe, weupe mzito wenye mpaka. Muuguzi mzoefu huuona mpaka ule mara moja, na akijiridhisha kwamba sehemu hiyo inafaa kutibiwa papo hapo, anaigusisha kifaa cha moto cha nyuzi 100 kwa sekunde 20 hadi 30. Mama anashuka kitandani, anavaa, anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kilichokuwa kinaelekea kuwa saratani kimechomwa.

Nimalizie na wanaume, kwa maana jioni nzima nimezungumzia mwili wa mwanamke kana kwamba anaishi peke yake.

Mvurugiko wa bakteria ukeni hutibiwa kwa metronidazole, na hurudi. Zaidi ya nusu ya wanawake huwa umewarudia ndani ya mwaka. Marekani, mwaka 2020, zilichapishwa habari za jaribio la wanawake 228: baada ya metronidazole, baadhi waliwekewa laktobasili krispatasi hai, wengine dawa bandia. Baada ya wiki 12 ulikuwa umewarudia 30% ya waliopewa laktobasili na 45% ya wenzao. Ni nafuu ya kweli. Lakini mwaka 2025 wenzetu wa Australia walileta jambo kubwa zaidi. Walichukua jozi 164 za wanandoa na wapenzi. Nusu wakamtibu mwanamke peke yake kama kawaida, nusu wakamtibu na mwanamume, kwa vidonge na krimu ya kupaka, siku saba. Pale alipotibiwa mwanamke peke yake, tatizo lilirudi kwa 63% ndani ya wiki 12. Pale walipotibiwa wote wawili, 35%. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba jaribio lilisimamishwa mapema.

Kwetu Afrika Mashariki dalili ya jambo hili ilikuwapo zamani. Rakai, Uganda, wake wa wanaume waliotahiriwa walifuatiliwa wakilinganishwa na wake wa wasiotahiriwa. Mvurugiko wa bakteria ulipungua kwao kwa takriban 40%, na HPV za hatari zilipungua kwa zaidi ya robo. Govi, pamoja na bakteria waishio chini yake, lilikuwa sehemu ya afya ya mlango wa kizazi wa mke. Miaka mingi tumemtibu mama, tukamrudisha kwa baba ambaye hakuna aliyemwita.

Kwa hiyo nina ombi kwa vyuo vyetu na kwa wenye fedha za utafiti. Mwanza na Kisumu wameshaonyesha kwamba majaribio makubwa yanaweza kufanyika hapa na dunia ikabadilisha sera kwa matokeo yake. Lifanyike jaribio la kuwatibu wote wawili, mke na mume, hapa kwetu, kwa wanawake wenye VVU na wasio navyo, na mwisho wake tusipime harufu na uchafu tu. Tupime HPV mwanzoni, baada ya miezi sita, na baada ya miaka miwili, tujue kama mwanamke ambaye mumewe alitibiwa pamoja naye anaiondoa mapema kuliko yule aliyemeza dawa peke yake.